Pini ya Mzee Anaeli

Kwenye arobaini ya fundi Hamisi, uani kwake Ngarenaro, tulikaa wazee watano kwenye mkeka mmoja, sinia la pilau katikati, na wote watano tulikuwa watu waliowahi kuwa na bunduki. Siku ile hakuna aliyekuwa nayo tena. Hamisi, Mrangi wa Kondoa aliyehamia Arusha akiwa kijana, alikuwa fundi wa cherehani kwa akina mama wa mtaa na fundi wa bunduki kwa sisi wengine, kibali chake kikining'inia ukutani ndani ya fremu ya kioo, na sidhani kama kati ya Ngaramtoni na Kikatiti palikuwa na bunduki kuukuu ya jeshi ambayo hakuwahi kuifungua na kuilaza vipande vipande juu ya gunia safi. Zilikuwa bunduki za vita vya wazungu, za Mjerumani na za Mwingereza. Majeshi yaliziacha, zikapita kwa walowezi wa kahawa, zikaishia kwetu kwa leseni halali zenye mihuri, nasi tukaziachia kila mmoja kwa ujinga wake. Pilau ilipofika nusu, ujinga ukaanza kusimuliwa. "Mimi yangu ya Mjerumani niliibadilisha na mashine ya kusaga," alianza mzee mmoja wa Ngaramtoni, akitafuta nyama kwa kidole. "Mashine ilisaga miezi minane tu ikafa. Bunduki ilikuwa imekaa miaka sabini haijawahi kukohoa." Wa pili akamwambia, "Afadhali wewe ulikula ugali. Mimi niliuza nikanunua pikipiki, pikipiki ikanivunja mguu. Huu hapa, gusa." Yule akagusa kweli, na mkono wake ulikuwa na mafuta ya pilau. Kisha wakanigeukia mimi. "Elisante, na wewe ulichukua nini?" Nikasema, "Televisheni." Wakauliza ni lini. Nikasema, "Kabla bara hatujawa na kituo cha televisheni." Walicheka mpaka mjane wa Hamisi akachungulia mlangoni, na sisi wazee wazima tukainamia sinia kama watoto waliokamatwa wakinong'ona kanisani.

Nilicheka nao, lakini nilikuwa najificha katikati ya kicheko. Wenzangu wanajutia bunduki. Siku hizi wakisikia jinsi wakusanyaji wa Ulaya wanavyozitafuta za namna ile, huumwa wiki nzima. Mimi bunduki yenyewe siijutii sana, maana niliimiliki kama mtu anavyomiliki kabati la vyombo. Ilikuwa ya Mwingereza, ya mbao kutoka kitakoni mpaka karibu na mdomo wa mtutu, na kwenye chuma ilikuwa na alama ya taji na mwaka uliochongwa. Jinsi ilivyonifikia ni habari ya baba yangu mdogo, na habari za ukoo wetu zikianza haziishi, kwa hiyo niziache hapo mlangoni. Niliipiga mara moja tu maishani mwangu, nikilenga dumu la mafuta hatua thelathini, na dumu hilo tuliendelea kulichotea maji miaka minne bila kuvuja hata tone. Kuifuta ndiko nilikokujua. Niliifuta mpaka mke wangu Aikande akauliza kama ningeweza kumfuta na yeye viatu kwa mapenzi hayohayo. Kinachonikosesha usingizi wa mchana, na mimi usingizi wa mchana ndio kazi niliyoiweza kuliko zote, ni kitu kidogo kisichozidi urefu wa kalamu iliyochongwa mara nyingi. Kilikuwa ndani ya bunduki ile, na hakikuwa changu.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Madukani vilirudi vitu tulivyokuwa tumevisahau na vingine ambavyo hatukuwahi kuvijua: sabuni za rangi, redio za kaseti zenye taa, mafuta ya kupaka yenye harufu ya matunda ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyala. Wakaja wanunuzi binafsi wa kahawa na magari yao, na chama cha ushirika nilikokuwa karani wa ghala kikapunguza watu. Nilikuwa na miaka thelathini. Aikande alikuwa ameshaanza biashara ya mitumba sokoni, akitoka asubuhi na mapema na kurudi jioni sauti imekauka kwa kunadi, na mimi nikabaki Kimandolu na nyumba. Watu walinionea huruma. Nisiseme uongo, nilikuwa na furaha. Vyumba vyetu viwili nilivijua kama karani anavyojua ghala lake, ni kiti kipi kina jua saa nne, kipi saa tisa. Niliosha vyombo, nikapika, nikapanga vitambaa vya makochi, na wanawake wa jirani wakanizoea kiasi kwamba mmoja akawa anabisha hodi, "Mwenzetu, una chumvi?" Mwingine akamsimamisha Aikande njiani, "Mama Neema, huyo mumeo akimaliza kwako mpitishe na kwangu, kuna masufuria." Aikande akimaliza kucheka alinieleza yote, halafu anahesabu mauzo ya siku mezani, na katika kuhesabu kule ndiko nilikojua kwamba kazi ya kutafuta inanisubiri nje na mimi siitaki.

Sasa hii habari ya pini. Ndani ya bunduki ya namna ile kuna kijiti cha chuma, na ukifyatua ndicho kinachoruka mbele kugonga risasi. Fundi Hamisi alikiita pini, nasi tukaita hivyo. Bila pini bunduki ni fimbo yenye leseni. Yangu ilikuwa imekatika mwaka uliotangulia, na Hamisi aliulizia Moshi, Nairobi mpaka Dar es Salaam asipate. Lakini alimjua mtu mwenye bunduki pacha ya yangu, taji lilelile, mbao zilezile, Mzee Anaeli, mkulima wa juu ya Kikatiti, jirani na msitu. Na mimi nilimjua vilevile, kwa sababu alikuwa akileta kahawa ghalani kwetu, gunia lake likiwa limeshonwa kwa mishono iliyolingana kama ya shati. Hamisi ndiye aliyebuni mpango. Kila mwaka bunduki zote zilipelekwa polisi kukaguliwa, na isiyogonga leseni yake haikuhuishwa, na bunduki yenyewe ilibaki kituoni. Sisi wa mjini tulikaguliwa mwanzo wa mwaka, watu wa mlimani miezi miwili baadaye, masika yakikaribia. Basi pini ya Mzee Anaeli ingeshuka mjini, ipite ukaguzi ndani ya bunduki yangu, halafu ipande mlimani ikapite ndani ya bunduki yake. "Bunduki mbili, pini moja, waongo wawili," alisema Hamisi. Nikamwambia, "Na fundi mmoja." Akasema, "Mimi simo. Mimi natengeneza cherehani."

Kwenda kuiomba pini ile ndiko kulikonifikisha kwa mara ya kwanza nyumbani kwa Mzee Anaeli, na katika miezi ya kabla ya ukaguzi nilikwenda mara nyingi kuliko nilivyohitaji, mimi ambaye kwenda sokoni niliona ni safari. Ilikuwa nyumba ya mbao, sebule yenye sakafu ya saruji nyekundu iliyong'arishwa mpaka unaiona soksi yako iliyotoboka. Nilikaribishwa loshoro katika bakuli kubwa la bati, maziwa yameganda vizuri, mahindi hayakupondeka, na mzee alikula polepole akitazama dirishani kule migomba inakoishia na msitu kuanza. Alikuwa mfupi, mkavu, na alikaa amenyooka hata kwenye kochi linalodidimia. Ujana wake alikuwa amepelekwa Bama na jeshi la mfalme wa Waingereza kupigana na Wajapani, akabeba bunduki kama ile msituni miaka miwili, na aliporudi hakurudi nayo, walimnyang'anya bandarini wakampa koti. Miaka mingi baadaye mzungu mmoja wa shamba la kahawa alifunga virago vyake kurudi kwao, akatoa vitu vyake uani auze, na Mzee Anaeli akaliona lile taji kati ya vyombo vya chai. Alitoa mtamba wake wa pekee. "Watu walisema nimerogwa," aliniambia. "Nikawaambia mtamba sikuwahi kulala nao matopeni." Aliiweka chumbani katika sanduku refu la mbao za podo alilolitengeneza mwenyewe, na kila Jumamosi mchana aliifuta kwa mafuta ya kondoo na kipande cha kitenge kuukuu. Mimi niliyejiona bingwa wa kufuta nilikaa pale nikitazama vidole vyake, nikaona kwamba nilikuwa nikipangusa vumbi tu.

Sifa zake hakuzisema yeye. Nilizisikia kupitia ukuta, kwa sababu jiko lilikuwa limepakana na sebule na mkewe hakuwa mtu wa kunong'ona. Siku moja aliwasimulia wakwe zake mbogo aliyepotea kutoka msituni akaingia kwenye migomba Jumapili adhuhuri, watu wakitoka kanisani. "Wanawake tumejaa njiani na watoto mgongoni," alisema. "Huyu mzee wenu akatoka na suruali ya kanisani, akasimama katikati ya njia. Hakumpiga. Alipiga hewani mara moja, halafu akasimama tu kama nguzo. Mbogo anamtazama, yeye anamtazama. Tukapita wote nyuma yake, mmoja mmoja, mpaka na bibi kipofu wa kule chini." Mkwe mmoja akauliza kwa nini hakumpiga. "Si nilimuuliza! Akasema risasi ni chache, na mbogo alikuwa amepotea tu, hakuwa mbaya." Sebuleni Mzee Anaeli alikuwa amegeuza uso kwenye bakuli lake, masikio yamemsimama kwa haya. "Wanawake wanaongeza chumvi," aliniambia kwa sauti ya chini. Nikamuuliza kama ni uongo. Akafikiri. "Haikuwa suruali ya kanisani," akasema. Kwenye mteremko ule wote, mashamba kama ishirini hivi, bunduki ilikuwa hiyo moja tu. Mahindi yakianza kukomaa watu walikuja kumuuliza zamu ya kufukuza wanyama wa msituni itaanza lini, kama wanavyomuuliza mchungaji siku ya ubatizo.

Siku aliyonipa pini aliitoa mwenyewe, akaizungushia kitambaa, akaitia ndani ya kopo la dawa ya viatu na kulifunga kwa mpira. Alilishika kidogo kabla ya kuliachia. "Ni yangu, lakini ikiwa kwako ni yako," alisema. "Ila usiizoee." Nilishuka mlima nimelishika kopo lile kwa mikono miwili, na kwenye basi nilikataa kusimama. Ukaguzi ukapita vizuri. Askari alifyatua bila risasi, ikagonga kwa ule mlio mkavu wa kuridhisha, akapiga muhuri. Nilipanga kupanda Kikatiti Jumapili inayofuata kuirudisha. Ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa akaja Mangi. Alikuwa na duka nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kama wenye maduka wote wa kutoka Kilimanjaro, mtaani hakuwa na jina jingine. Mtu mwema, mwenye haraka, na kila rafiki kwake alikuwa "mbe". Alikuwa amepata shamba upande wa Ngaramtoni na nguruwe pori walikuwa wakimmaliza, na alijua nina bunduki iliyotoka kukaguliwa jana yake. Hakuja na pesa. Alikuja na televisheni ya rangi ndani ya boksi lake, na deki ya video juu yake, akaviweka kwenye meza ya kahawa pale pale jua la saa nne linapoangukia. Nikamuuliza, "Mangi, televisheni ya nini na kituo hakipo?" Akasema, "Kituo kipo Nairobi, mbe. Wewe simamisha mlingoti mrefu. Mawimbi hayaonyeshi pasipoti Namanga." Naomba mnielewe. Nilikuwa mtu ninayekaa nyumbani kutwa nzima, na huyu bwana alikuwa akiniletea dunia mpaka kwenye kochi. Saa nane tulikuwa polisi tunajaza fomu za kuhamisha umiliki, saa kumi mihuri imekamilika, saa kumi na moja niko uani na fundi umeme nafunga antena kwenye mlingoti wa bomba. Aikande alirudi akasimama mlangoni na furushi lake kichwani. Alitazama boksi, akatazama pembe ya ukuta ilikokuwa bunduki. "Ile angalau ilikuwa haili umeme," alisema, akaingia ndani.

Kwa wiki tatu sikutoka. Jumapili ya kwenda Kikatiti ilipita bila mimi kuikumbuka. Nilizungusha mlingoti, nikaongeza bomba, nikamwomba jirani aniruhusu nifunge waya kwenye mgrevilea wake, na kwa kazi yote hiyo nilipata chenga, chenga tupu kiooni, pamoja na sauti ya mtu anayesoma kitu cha maana sana mahali fulani. Wiki ya nne nilikwenda Ngarenaro kumweleza Hamisi habari ya mali yangu mpya. Alikuwa amelaza cherehani ubavu, anaitia mafuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha bila kuinua kichwa akauliza, "Na pini ya mzee uliitoa?" Nikamuuliza, "Pini gani?" Hapo ndipo alipoinua kichwa. Sijawahi kuona mtu anatazama hivyo tangu hapo, hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayemwona mwenzake akiteleza kutoka kwenye paa na hawezi kumdaka. Nilitoka pale mbio. Nakwambia mbio, mimi. Nilimkuta Mangi anapanga soda. Alisema shamba la Ngaramtoni amemwachia ndugu yake na bunduki alishaiuza kihalali kwa mzungu mmoja mkusanyaji, aliyeichukua na karatasi zake zote. "Imeshavuka bahari, mbe. Yule mzungu aliibusu. Nikajua nimeibiwa." Nikamwambia ndani yake kulikuwa na kitu cha mtu. Akaweka chupa chini taratibu. "Mbona hukuitoa?" Swali hilo nimejiuliza miaka yote hii na jibu langu halijawahi kuwa zuri. Nilikuwa nikitazama boksi.

Hamisi alijaribu kuchonga nyingine, akafanya tatu, na zote zikamwaibisha. Ya tatu aliitupa barabarani, akaenda kuiokota akaitupa tena. Kwa hiyo nikapanda mlima. Nilikuta ndizi zimechomwa na chai ya maziwa, nikala mbili, nikaulizwa habari za mjini nikazitoa zote, hata za watu nisiowajua, na Mzee Anaeli alinisubiri. Alijua kuna kitu kwa sababu sikuwa nimeshika kopo. Mwishowe nikasema. Nilisema kila kitu, Mangi, boksi, jua la saa nne, mzungu aliyebusu, na nilipofika mwisho jikoni kulikuwa kimya, nikajua na kule wamesikia. Mzee alipangusa mdomo. Alitazama dirishani, kule migomba inakoishia. Nilitamani anitukane. Mtu akikutukana unapata mahali pa kusimama. Aliuliza tu, "Hiyo televisheni. Inaonyesha nini?" Nikasema, "Nairobi. Hewa ikiwa safi." Akatingisha kichwa kama mtu aliyepewa bei. "Nitakuja kuiona."

Alikuja kweli, Alhamisi mchana, amevaa koti na kofia, na mkungu wa ndizi begani. Aikande siku hiyo hakwenda sokoni. Alimwamkia kwa magoti yote mawili, "Shikamoo, mzee," akamkalisha kwenye kochi zuri, akamletea machalari ya ndizi na nyama, na mimi nikakiwasha kile kitu. Chenga. Mzee akavua kofia, akaiweka gotini, akazitazama chenga kwa heshima ileile aliyomtazamia mbogo. Aikande hakuvumilia. Alitoka nje mwenyewe akaukumbatia mlingoti. "Bado?" alipiga kelele dirishani. "Geuza kidogo!" "Huku?" "Kule!" "Kule wapi, Baba Neema, kule ni wapi?" "Upande wa Mama Rose!" "Sasa?" "Hapo! Hapohapo! Usipumue!" Na kweli, picha ikatulia. Mwanamke wa Nairobi mwenye aproni alikuwa anasukuma chapati. Alisukuma moja, akaiinua tuione, akaiweka pembeni. Sikuwahi kupata picha safi kama ile kabla ya siku hiyo wala baada yake. Mzee Anaeli aliinama mbele. "Anasukuma vizuri," alisema. Yule mwanamke akasukuma ya pili. Kisha picha ikameguka vipande, chenga zikarudi, na nje Aikande analalamika mkono umekufa ganzi. Mzee akavaa kofia yake. Hakutabasamu wala kunung'unika. "Sawa," alisema. "Nimeiona. Nilitaka nijue ni kitu gani, nisije nikakuwazia vibaya bila kujua." Halafu akasema ukaguzi wa watu wa mlimani ni Jumatatu, je, ningeweza kumsindikiza.

Wenzangu kwenye mkeka walipokuwa wakihesabu ujinga wao, nilikuwa nikifikiri juu ya sentensi hiyo moja. Mimi nimeishi nikiwawazia watu vibaya kutoka kwenye kochi langu, bila hata kusimama kuwatazama dirishani. Yule mzee alipanda basi, akapoteza siku yake ya kulima, akakaa mbele ya chenga na kofia gotini, ili ayaone mambo yangu kwa macho yake kabla ya kuamua anichukulieje. Elimu yangu ni ya kidato cha nne na nimefundishwa na walimu wengi, wengine wazuri. Somo kama lile sijapewa tena.

Jumatatu nilimpokea stendi. Bunduki alikuwa ameifunga ndani ya blanketi, na alipoifungua kwenye benchi la kituoni ilinukia mafuta ya kondoo, imefutwa kila pembe, kama bibi harusi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia nitaeleza ukweli wote kwa askari, pini, kopo, uongo wetu wote, wanichukulie hatua mimi. "Wewe utanyamaza," alisema. "Ulishaongea ya kutosha na Mangi." Askari alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia mzee, akafungua daftari, akaanza kutafuta namba kwenye chuma, lakini Mzee Anaeli akaitaja yote bila kutazama, tarakimu moja moja, kama mtu anayetaja majina ya watoto wake. Kijana akaandika. Kisha akafyatua. Hapakuwa na mlio. Akafyatua tena, akaisogeza sikioni. "Mzee, hii haigongi," alisema kwa upole. "Fundi ameiona?" Mzee akasema, "Ameiona. Ameshindwa." Kijana akauliza, "Kwani ilipatwa na nini?" Nilifungua mdomo. Mzee Anaeli hakunigeukia, ila kiatu chake kilikuja juu ya changu kikakaa hapo, chepesi, kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke. "Uzee," alisema. Askari alisubiri kidogo, labda akitumaini kuna jambo jingine, kisha akaandika neno hilo. Akaeleza utaratibu kwa aibu, kana kwamba ameutunga yeye. Mzee aliomba aiweke mwenyewe. Alipelekwa hadi kwenye raki la ghala, nikamwona kupitia mlangoni akiisimamisha kati ya nyingine, akaigeuza kidogo ili taji litazame mbele, akalikunja blanketi mara nne, akatoka nalo.

Nje jua lilikuwa kali na magari mengi. Alisimama ukingoni mwa barabara, bega la kulia limeinuka kidogo kana kwamba mzigo bado upo, na nikaona kwamba hajui aufanye nini mkono wake. Alikuwa ameliweka blanketi kwapani kushoto. Ule wa kulia alijaribu kuutia mfukoni, ukakataa. Nilijua nikisema pole nitakuwa najisemea mwenyewe. Mlimani mashamba ishirini yalikuwa yakisubiri mvua ya kupandia, na ifikapo miezi ya mahindi kukomaa watu wangemjia kumuuliza zamu. Alikuwa akifikiri hilohilo. "Msimu huu tutalinda kwa madebe," alisema, akitazama magari. "Watu wengi, kelele nyingi, mchana na alfajiri. Napungukiwa mtu mmoja kona ya juu, karibu na msitu." Halafu akanitazama, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Unaogopa mbogo, Elisante?"

"Sana, mzee."

"Vizuri," alisema, na kwa ule mkono uliokosa mahali pa kukaa akaushika wangu, mbele ya mji mzima. "Utapiga kelele mapema."

Tukavuka.